Kwa nini farasi hufyonza hewa?

Miaka michache iliyopita nilialikwa kwenye semina ya wafugaji wa wanyama kazi. Siku nzima tulizungumza juu ya punda: kwato zao, vidonda vya mgongoni, mizigo inayozidi kipimo. Jioni, watu walipokuwa wakinywa chai, kijana mmoja aliyekuwa ameketi nyuma alinifuata. Alisema yeye hana punda. Yeye ni saisi katika zizi la farasi wa kupanda, si mbali na Nairobi, na alikuwa na shida ambayo hakutaka kuitaja mbele ya watu.

Shida yake ilikuwa farasi dume aliyehasiwa, mwenye umri wa miaka tisa, ambaye zamani alikuwa farasi wa mbio. Farasi huyo alikuwa akishika ukingo wa mlango kwa meno ya mbele, anakunja shingo, anavuta nyuma, kisha anatoa mlio kama wa mtu anayecheua. Alifanya hivyo asubuhi na usiku, na zaidi sana alipomaliza kula nafaka. Juu ya mlango palikuwa pameliwa kabisa. Mwenye zizi alimkata kijana fedha za ubao mpya, akamwambia kwamba saisi mvivu ndiye anayewafanya farasi wajifunze mambo ya ovyo. Wenzake walimshauri ampige farasi kwa mpira wa maji kila anaposhika mlango. Alikuwa amempiga. Farasi alijifunza kungoja mpaka saisi aondoke.

"Daktari," aliniuliza (mimi si daktari, lakini kwetu kila mtu anayeshughulika na mifugo huitwa hivyo), "huyu farasi ana wazimu, au ni mimi nisiyejua kazi?"

Nilimwambia atafute mkanda wa kumfunga farasi shingoni, aukaze vizuri. Ndivyo nilivyokuwa nimefundishwa. Alinishukuru akaenda zake. Baadaye nilisoma zaidi na kuona kwamba nilikuwa nimempa jibu baya. Makala hii ni jibu ambalo ningepaswa kumpa jioni ile. Najua wasomaji wetu wengi hawafugi farasi. Hata hivyo tunapata barua kutoka kwa masaisi, wengine wanaofanya kazi katika mazizi ya hapa kwetu na wengine waliokwenda nchi za Ghuba, na maswali yao hufanana.

Farasi anafanya nini hasa?

Tabia hii ina sura mbili. Ya kwanza ni kuuma hori. Farasi hukaza meno ya mbele ya juu kwenye kitu kisichotikisika, kama ukingo wa hori, mlango au nguzo ya ua, kisha huvuta shingo nyuma na kuingiza hewa kooni kwa mlio. Ya pili ni kufyonza hewa bila kushika kitu chochote. Farasi hukunja shingo, hukaza misuli ya chini ya koo, na mlio ni uleule. Wataalamu wengi huzihesabu kuwa tabia moja. Farasi akiondolewa vitu vyote vya kuuma, mara nyingine hujifunza kufyonza hewa bila kuuma kitu.

Usiichanganye na kutafuna mbao. Farasi anayetafuna mbao hukata vipande na kuvila au kuviangusha chini. Hakunji shingo wala hatoi mlio. Pia, kwa farasi jike, waganga wa mifugo huzungumza juu ya hewa inayoingia katika njia ya uzazi, na katika vitabu vya Kiingereza jina ni lilelile. Huo ni ugonjwa mwingine kabisa, unaohitaji mganga, na haumo katika makala hii.

Kwa miaka mingi watu waliamini kwamba farasi huyu anameza hewa na kujijaza tumbo kama puto. Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, waliwaangalia farasi wa namna hii kwa eksirei na kwa kamera ndogo iliyopitishwa puani. Waliona kwamba misuli ya shingo huvuta koo kwa nguvu, na nafasi hufunguka sehemu ya juu ya umio. Hewa huingia pale ghafla, na huo ndio mlio tunaousikia. Kisha sehemu kubwa ya hewa ile hurudi kooni ilikotoka. Inayofika tumboni ni kidogo. Kwa hiyo hata jina tunalolitumia halielezi vizuri, kwa sababu farasi hajishibishi kwa hewa. Kuna kitu kingine anachokipata katika tendo lile.

Tumbo ambalo halipumziki

Ili kuelewa anachokitafuta, ni lazima tuangalie tumbo lake. Farasi ni mnyama mkubwa, lakini mfuko wa tumbo lake ni mdogo, wa lita 8 hadi 15 hivi. Aliumbwa kula kidogo kidogo, mchana na usiku. Akiachwa malishoni huweza kula kwa saa 16 kati ya 24, akitembea polepole na kichwa chini.

Tumbo la mtu hutoa asidi nyingi hasa wakati wa kula. Tumbo la farasi hutoa asidi wakati wote, awe anakula au hali. Kinachoipunguza makali asidi hiyo ni majani yaliyomo tumboni pamoja na mate. Lakini mate ya farasi hayatoki bure. Hutoka anapotafuna tu. Kilo moja ya majani makavu humchukua takriban dakika 40 kuitafuna. Kilo moja ya nafaka huimaliza kwa dakika 10 hivi. Kwa hiyo farasi aliyepewa nafaka nyingi na majani machache hubaki na asidi nyingi, mate machache, na saa nyingi za kusimama akitazama ukuta. Sehemu ya juu ya tumbo lake haina utando imara wa kuikinga, na hapo ndipo vidonda vya tumbo hutokea.

Mwaka 2002 watafiti wa Bristol walichunguza matumbo ya watoto wa farasi walioanza karibuni kuuma hori, wakayalinganisha na ya wenzao wasio na tabia hiyo. Matumbo ya wale waliouma yalikuwa na vidonda na uvimbe zaidi. Baadhi yao walipewa kwa miezi mitatu chakula chenye dawa ya kupunguza asidi. Tabia ilipungua kwa watoto wengi, na ilielekea kupungua zaidi kwa wale waliopewa dawa. Maelezo ya watafiti ni kwamba huenda farasi mdogo huuma na kuvuta ili kujipatia mate. Haina maana kwamba kila farasi anayefyonza hewa ana vidonda, hasa akiwa mzee. Lakini mtu akikuletea farasi aliyeanza tabia hii mwezi uliopita, jambo la kwanza la kuuliza ni anakula nini na kwa saa ngapi.

Swali hilo lina uzito mkubwa kuliko yote katika makala hii. Watafiti walipoyachunguza mazizi ya farasi wa mbio huko Uingereza katika miaka ya 1990, waliona kwamba tabia zisizo za kawaida zilikuwa nyingi zaidi pale ambapo farasi walipewa chini ya kilo 6.8 za majani kwa siku.

Kwa nini haachi hata akilishwa vizuri?

Hapa ndipo wenye farasi wengi hukata tamaa. Wanaongeza majani, wanangoja wiki mbili, na farasi bado anafyonza. Wanasema ushauri haufai.

Fikiria njia ya miguu inayokatiza shamba kwenda kisimani. Watu wameipita miaka kumi. Kisima kikikauka, watu wataendelea kuipita njia ile kwa muda mrefu, kwa sababu imekwisha kuwa njia. Ubongo wa farasi ni hivyo. Sababu iliyoanzisha tabia huweza kuondoka, na tabia ikabaki. Mwaka 1987 madaktari wa mifugo huko Marekani waliwapa farasi wenye tabia hii dawa zinazozuia vitu vya kutuliza maumivu vinavyotengenezwa na mwili wenyewe, vinavyofanana na mofini. Farasi waliacha kuuma kwa muda ambao dawa ilifanya kazi, kisha wakarudia. Baadaye, mwaka 2005, watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba katika ubongo wa farasi hawa, sehemu zinazohusika na hamu na mazoea hupokea dopamini kwa namna tofauti na farasi wengine. Dopamini ni kitu ambacho mwili wetu sisi pia hukitumia.

Damu nayo ina sehemu yake. Katika uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 2009, farasi wenye tabia hii walikuwa asilimia 4.4 kwa jumla, lakini kati ya farasi wa mbio wa jamii ya Thoroughbred walifika asilimia 13.3. Huenda ni damu, huenda ni namna wanavyofugwa, na inaelekea ni vyote viwili. Katika makundi ya farasi wanaoishi porini bila zizi, tabia hii haionekani.

Uchunguzi huohuo uligusa hofu ya mwenye zizi wa yule kijana. Wenye farasi wengi waliamini kwamba farasi hujifunza kwa kumtazama mwenzake. Lakini farasi waliopata tabia baada ya kuwekwa na mwenye nayo walikuwa asilimia 1 tu. Mara nyingi zizi lenye farasi watatu wanaofyonza hewa ni zizi ambalo wote watatu wanapewa chakula kilekile na kufungiwa saa zilezile. Kumtenga farasi huyo peke yake, asiwaone wenzake, kunamwongezea shida. Na kumlaumu saisi kwamba amewafundisha farasi ni kumwonea.

Mkanda, kisu na kipigo

Mkanda niliomshauri yule kijana hufungwa nyuma ya masikio na chini ya koo. Farasi akikunja shingo, mkanda humbana. Baadhi yake huwa na kipande cha chuma kinachobonyeza koo. Kwa farasi wengi hupunguza tabia wakati umefungwa. Lakini ukikazwa sana huleta vidonda, na hauondoi sababu. Mwaka 1998 watafiti waliwazuia farasi wasiume kwa muda mfupi, kisha wakawaruhusu. Walipoachiwa, waliuma kwa wingi kuliko kabla ya kuzuiwa, kama mtu aliyenyimwa maji anavyokunywa akifika mtoni. Hamu haikupungua walipozuiwa, ilikuwa ikingoja tu.

Upasuaji nao upo. Mwaka 1926 daktari Forssell wa Uswidi alieleza namna ya kukata misuli ya shingo inayotumika katika tendo hili. Siku hizi hufanywa kwa namna iliyoboreshwa, ikigusa misuli michache pamoja na mishipa yake ya fahamu, na kwa farasi wengine hufaulu. Kwa wengine tabia hurudi. Ni gharama kubwa, na katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki hakuna anayeufanya. Kuna watu waliotia pete za chuma kwenye ufizi ili farasi aumie anaposhika kitu, na wengine waliofunga umeme kwenye hori. Nayataja ili msomaji akishauriwa hivyo ajue la kujibu.

Kupaka mlango pilipili, mafuta machafu ya gari au kinyesi kumejaribiwa kila mahali. Farasi mwenye hamu hushika ubao mwingine, au hujifunza kufyonza bila ubao. Na mafuta machafu ya gari yana sumu.

Kuhusu kumpiga, yule kijana alikwisha kuona mwenyewe matokeo yake. Farasi mwenye wasiwasi hufyonza zaidi.

Je, tabia hii inadhuru?

Wengine wanasema ni ulafi usio na madhara, wengine wanasema farasi huyu afaa kuuzwa haraka. Katika minada mikubwa ya farasi wa mbio nchini Uingereza muuzaji hutakiwa kuitangaza tabia hii kabla ya kuuza, kwa sababu hushusha bei. Ukweli uko katikati. Farasi wengi huishi nayo hadi uzeeni na kufanya kazi vizuri. Meno ya mbele husagika, na kwa farasi mzee yanaweza kusagika mpaka ashindwe kukata nyasi fupi. Misuli ya chini ya shingo hunenepa. Wengine hukonda, kwa sababu muda wa kula wanautumia kufyonza.

Hatari ya kuangaliwa kwa makini ni msokoto wa tumbo. Imethibitishwa kwamba farasi wanaouma hori au kufyonza hewa wamo katika hatari kubwa zaidi ya aina moja ya msokoto, ambapo utumbo mwembamba hupenya kwenye upenyo mdogo ulio karibu na ini na kunaswa pale. Bila upasuaji farasi hufa. Kwa hiyo saisi mwenye farasi wa namna hii asisubiri. Ukiona farasi hataki kula, anapiga chini kwa mguu wa mbele, anatazama ubavu wake, analala na kuinuka mara kwa mara, anatoka jasho bila kazi, au hajatoa kinyesi, ondoa chakula na umwite mganga wa mifugo mara moja. Usimnyweshe kitu kwa chupa. Farasi hawezi kutapika, na kinachoingia vibaya huweza kwenda mapafuni.

Usiku wetu ni mrefu

Ushauri mwingi uliomo vitabuni umeandikwa kwa ajili ya Ulaya, na huanza kwa maneno rahisi: mwache farasi malishoni usiku na mchana. Kwetu jambo hili si rahisi. Farasi hawakuenea sana Afrika Mashariki kwa sababu ya mbung'o na kwa sababu ya ugonjwa wa farasi wa Afrika. Ugonjwa huu huletwa na virusi, na huenezwa na visubi wadogo wanaouma zaidi kuanzia jua linapokuchwa hadi linapochomoza. Hauna dawa ya kuuponya. Kuna chanjo, lakini hata mwenye kuchanja hushauriwa kuwaingiza farasi ndani kabla ya machweo, hasa majira ya mvua.

Hivyo tunawafungia farasi kwa sababu nzuri. Kosa letu ni kwamba tunawafungia bila chakula cha kutosha usiku. Niliporudi kumtembelea yule kijana, miezi mingi baada ya semina, nilikwenda na mizani ya kuning'iniza. Mkanda ulikuwa shingoni mwa farasi, na nyuma ya sikio moja manyoya yalikuwa yamekwisha. Sikusema neno juu ya hilo kwa muda. Tulipima majani ya jioni. Yalikuwa kilo 3, yakitiwa saa kumi na moja. Kijana alisema kwamba kufikia saa moja na nusu usiku huwa yamekwisha. Chakula kilichofuata kilikuja saa kumi na mbili asubuhi, nacho kilikuwa ndoo ya nafaka, kilo 3 kwa mara moja. Kati yake zilikuwa saa kumi na nusu za tumbo linalotoa asidi bila kitu ndani. Mchana alipata kilo nyingine 3 za majani. Farasi yule alikuwa na uzito wa kilo 450 hivi, na majani yake ya siku nzima yalikuwa kilo 6.

Kipimo cha kufuata ni kilo 1.5 hadi 2 za majani makavu kwa kila kilo 100 za uzito wa farasi. Kwa farasi yule ni takriban kilo 7 hadi 9 kwa siku. Marobota ya nyasi za Boma Rhodes hayalingani uzito, kwa hiyo usihesabu marobota, pima. Sehemu kubwa itolewe jioni. Ukiyatia majani katika wavu wenye matundu madogo, farasi huyavuta kidogo kidogo na hudumu naye saa nyingi zaidi. Wavu wa katani unaweza kusukwa nyumbani. Ufungwe juu kiasi kwamba hata ukiwa mtupu farasi hawezi kunasa mguu. Zizi lenye askari wa usiku linaweza kumpa kazi ya kutia majani ya mwisho saa nne au saa tano.

Nafaka ipunguzwe mpaka kiasi ambacho kazi ya farasi inadai. Farasi wa kupanda mara tatu kwa wiki hahitaji chakula cha farasi wa mbio. Igawanywe katika milo midogo, kila mlo usizidi kilo 2, na itolewe baada ya majani, isitangulie. Acha molasi na vyakula vitamu, kwa maana farasi wengi hufyonza zaidi mara tu baada ya kula kitu kitamu. Kama lusini inapatikana, changanya kidogo katika majani, kwa kuwa chokaa iliyomo husaidia kutuliza asidi. Badilisha chakula polepole kwa siku kumi au kumi na nne. Mabadiliko ya ghafla nayo huleta msokoto.

Mwenye zizi atauliza juu ya gharama, na ni haki yake. Majani yana bei, na wakati wa ukame bei hupanda sana. Lakini nafaka iliyopunguzwa hulipa sehemu ya majani yaliyoongezwa. Saisi anayekwenda kuzungumza na mwajiri wake afike na vipimo mkononi: kilo ngapi asubuhi, kilo ngapi jioni, saa ngapi yanakwisha. Ni vigumu kubishana na mizani.

Baada ya chakula kinakuja kuwa na wenzake. Farasi ni mnyama wa kundi. Ukuta kati ya banda na banda ukikatwa dirisha, farasi wakaweza kunusana na kukwaruzana, wasiwasi hupungua. Pasipo farasi wa pili, mbuzi au punda hufaa. Mchana atoke nje kadiri iwezekanavyo, hata kama uwanja ni wa vumbi, mradi kuna majani ya kuokota na kivuli. Saa za kutoka na saa za kula zisibadilike ovyo, kwani farasi anayesikia ndoo za wenzake zikigonga huku yake ikichelewa huanza kufyonza kabla ndoo haijafika.

Wenye punda watauliza kama haya yanawahusu. Punda huonekana na tabia hii mara chache sana, na nadhani ni kwa sababu punda wetu wengi huzurura na kuokotaokota chakula siku nzima. Punda anayefungwa kwenye nguzo ya soko kuanzia asubuhi hadi jioni bila majani anaanza kuishi kama farasi wa zizini.

Mahali pa kuizuia

Kwa farasi wa miaka tisa tunatafuta kupunguza tu. Nafasi ya kuzuia ipo mapema, kwa mtoto wa farasi. Huko Uingereza watafiti waliwafuatilia watoto 225 wa farasi kwa miaka minne, na matokeo yakatangazwa mwaka 2002. Asilimia 10.5 kati yao walianza kuuma hori, na nusu yao walikuwa wameanza kabla ya umri wa wiki 20 hivi, yaani karibu na wakati wa kuachishwa ziwa. Waliopewa nafaka baada ya kuachishwa walikuwa katika hatari mara nne zaidi ya kuanza. Walioachishwa kwa kufungiwa bandani walipata tabia zisizo za kawaida kuliko walioachishwa malishoni.

Hapa kwetu mtoto wa farasi mara nyingi hutengwa na mama yake siku moja, hutiwa peke yake ndani ya banda akilia, na ili anyamaze hupewa ndoo ya nafaka. Mambo matatu mabaya kwa siku moja. Afadhali aachishwe polepole, akiwa nje pamoja na watoto wenzake au na farasi jike mzee mtulivu, na chakula chake kikuu kiwe majani mazuri. Kama anahitaji nyongeza, muulize mganga wa mifugo akupangie chakula chenye nyuzinyuzi badala ya nafaka tupu. Mtoto akianza kushika ubao, usingoje kuona kama ataacha. Wiki hizo za kwanza ndizo zenye nafasi kubwa ya kumsaidia.

Yule kijana alinipigia simu baada ya majira ya mvua. Mwenye zizi alikuwa amekubali kilo 9 za majani na dirisha moja ukutani, na nafaka ilikuwa imepunguzwa nusu. Fedha za mlango hazikurudishwa. Nilimwuliza juu ya farasi. Alisema bado anafyonza kila baada ya nafaka, kama robo saa hivi, halafu anageukia wavu wake. Usiku hasikiki sana. Manyoya nyuma ya sikio yameanza kuota, na mkanda ameutundika kwenye msumari katika chumba cha matandiko.